Nilichoma Mwenyewe

Kuna maneno matatu niliyoyachukia tangu nianze kazi hii: hitilafu ya umeme. Nchi hii kikiungua chochote, mtu wa kwanza kusogezewa kipaza sauti atasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Soko limeungua, hitilafu ya umeme. Bweni limeungua, hitilafu ya umeme. Niliwahi kusoma taarifa ya mwenzangu kuhusu kibanda cha nyasi kilichoungua shambani huko Chunyu, mahali ambapo nguzo ya karibu unaifuata kwa pikipiki, na mwisho wa taarifa kaandika hayo hayo. Nilimpigia simu nikamuuliza umeme ulifika pale kwa basi gani. Alininunia mwezi mzima.

Mimi ni mchunguzi wa vyanzo vya moto. Nimezaliwa Rungwe, kwenye migomba na ukungu, na huku kusini nililetwa na barua ya uhamisho yenye aya mbili. Nakaa Nachingwea, na eneo langu ni Nachingwea na Ruangwa. Vifaa vyangu ni mwiko wa fundi mwashi, brashi za kupakia rangi, chekeche na mifuko ya nailoni. Moto ukishazimwa na watu wakishalia, mimi ndiyo naanza kuchuchumaa. Siku moja kule Namungo wachimbaji wa dhahabu walinikuta nachekecha majivu ya kibanda cha mama lishe, wakasimama kuniangalia kwa huruma. Mmoja akaniambia, "Afande, hapo hamna kitu. Twende kwetu, angalau siku moja moja kinaonekana."

Nina kichwa kigumu. Mama yangu alikuwa akisema hivyo kwa masikitiko, wakubwa zangu wanasema hivyo kwa maandishi. Sipendi kuambiwa jibu kabla sijauliza swali, na kwenye moto kila mtu ana jibu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, korosho zinaanza kudondoka, nilipoitwa kwenye kijiji kimoja cha kata ya Nambambo. Nyumba ya mfanyabiashara iliungua Jumamosi alasiri. Mimi nilifika Jumatatu, kwa sababu gari letu lilikuwa Ruangwa na lina tabia zake. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kuja kama mimi, ana duka na ananunua mazao, mtu mzima mpole ambaye siku ile macho yalikuwa mekundu kwa moshi na kukosa usingizi. Mbele kulikuwa na baraza na duka, katikati vyumba vya familia, nyuma stoo. Hakuna aliyekufa. Kilichobaki kimesimama ni kuta.

Na jibu lilikuwa limeshapatikana. Jirani yake, bibi mjane wa katekista, alikuwa mahabusu tangu Jumamosi ile ile. Wawili hao walikuwa wanagombania mikorosho mitatu ya mpakani, na wiki mbili kabla ya moto bibi alimwambia yule bwana mbele ya watu waliokuwa wanatoka misani, "Nyumba hiyo hutaikalia." Kijiji kizima kilisikia. Siku ya moto alionekana uani kwake akiwasha moto. Halafu, kumaliza kabisa, alikiri.

Askari aliyeandika maelezo yake alinipa karatasi niisome mwenyewe. Kijana msafi, mwandiko mzuri, ametokea mkoa wa Kanda ya Ziwa. Katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi moja aliyoipigia mstari: *Niliichoma mwenyewe, sikutumwa na mtu.* Chini yake, dole gumba.

"Hapa wewe ni kuthibitisha tu, afande," akaniambia. "Jumatatu ijayo anakwenda kwa hakimu."

Nikamwambia nitathibitisha nitakachokikuta. Alicheka kidogo, si kwa ubaya.

Nilianzia uani kwa bibi. Huko wakati wa korosho watu husafisha chini ya mikorosho ili zikidondoka zionekane, na bibi alikuwa amefagia kutoka mlangoni kwake mpaka ukuta wa jirani. Hapakuwa na jani. Moto wa mafiga yake usingeweza kutambaa kwenda popote, ungekosa cha kula njiani. Juu ya mafiga palikuwa na debe lililokatwa na kutobolewa matundu, lile wanalochomea korosho, na ndani yake korosho zimekuwa makaa matupu.

Niliziangalia zile korosho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ukichoma korosho huondoki. Ganda linatoa mafuta, mafuta yanashika moto, na unatakiwa kuzigeuza na kijiti kirefu mpaka ujue sasa, halafu unazimwaga mchangani uzizime. Ukigeuka kumsalimia mtu zimeharibika. Mwanamke aliyechoma korosho maisha yake yote alikuwa ameziacha zote mpaka zikawa mkaa. Kuna kitu kilimwondoa ghafla. Niliandika hivyo kwenye daftari.

Kisha nikaingia stoo. Kwenye ukuta wa nyuma, pembeni, alama ya moto ilikuwa nyembamba chini na inapanuka kwenda juu, na plasta ya chini pale ilikuwa imebanduka hadi tofali linaonekana. Moto ulianzia kwenye ile kona. Kwenye majivu ya mlango nikapata kufuli. Lilikuwa limefungwa, limeshikana na komeo lake.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Mfukoni mwangu, afande. Hata sasa ninao."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Magunia. Na salfa iliyobaki baada ya kupulizia. Mifuko kama sita."

Hapo nikaelewa hadithi nyingine niliyosimuliwa tangu nashuka kwenye gari, ya moto wa bluu uliokaba watu koo hadi wakashindwa kusogea na ndoo. Walishaanza kusema huo si moto wa kawaida, una mkono wa mtu. Ulikuwa moto wa kawaida wa salfa. Dawa ile ile wanayoipulizia mikorosho kila mwaka ikiungua inatoa mwali wa bluu na moshi unaokata pumzi. Niliwaeleza, wakanisikiliza kwa adabu, wakaendelea kuamini walichokuwa wanaamini.

Nikauliza swali ambalo siku zote nauliza mwishoni, kwa jinsi ninavyolichukia jibu lake. "Una umeme?"

"Umeme hatuna, afande. Nguzo ziko kule barabarani, angalia mwenyewe."

Niliangalia. Nguzo zilikuwa mbali kweli. Nikamuuliza balozi wa nyumba kumi, akasema umeme bado, wameahidiwa. Nikamuuliza mama wa nyumba ya tatu, akasema umeme wanausikia kwa wenzao. Nikaandika: *Umeme hakuna*, nikapiga mstari chini. Nakiri nilifurahi. Nilijisikia kama mtu aliyemfungia mlango mgeni asiyempenda. Pale pale stoo, kati ya mabati yaliyoporomoka, nilikuta chenga za kioo nyingi, ndogo kama punje za mahindi. Nikaandika *kioo* nikaendelea na mambo yangu.

Nilipokaa jioni kuyapanga, nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimethibitisha kwamba moto ulianzia ndani ya chumba kilichofungwa, pembeni, karibu na tundu la hewa linaloangalia uani kwa bibi. Sikuwa na chanzo kingine chochote. Mwendesha mashtaka angeshukuru: bibi alichukua makaa mafigani, akayatupia tunduni, salfa ikafanya yaliyobaki. Uchunguzi wangu ulikuwa unamkandamiza zaidi kuliko dole gumba lake. Kuchoma nyumba ya mtu kwa makusudi si kosa la kupewa onyo. Kwa umri wake, kifungo chochote kingekuwa cha mwisho.

Kesho yake nikaenda kumwona. Wakamtoa, akaketi kwenye benchi, kanga moja kichwani na nyingine begani, rozari shingoni. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka, vyeusi kwa mafuta ya ganda. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, kinakwenda polepole. Yule askari alisimama mlangoni.

Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akanitazama nguo. "Na wewe polisi?"

"Mimi wa zimamoto, bibi."

"Moto umezimika. Umechelewa."

Nikamuuliza Jumamosi ilikuwaje. Akasema alikuwa anachoma.

"Ulichoma nini, bibi?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza huyu katoka wapi. "Kolosho. Nichome nini tena?"

"Na askari alikuuliza nini?"

"Kaniuliza nani kachoma. Nikamwambia nimechoma mwenyewe. Kaniuliza nani kanituma. Sasa mimi mtu mzima, nani anitume kuchoma kolosho? Nikamwambia sikutumwa na mtu." Akamwonyesha askari kwa kidevu. "Nikaona huyu mtoto ana maswali ya ajabu. Nikajua labda kwao hawazijui."

Niligeuka kumtazama askari. Alikuwa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake.

"Bibi, mbona ulimwambia jirani nyumba ile hataikalia?"

"Si nilimwambia nitakwenda kwa mwenyekiti, nitakwenda kwa paroko, nitakwenda mpaka wilayani? Mikolosho ile alipanda mume wangu. Nilisema hatakaa kwa raha, atanisikia kila siku." Akajifunga kanga vizuri. "Nyumba yake ilipoungua nilimpelekea maji. Ndoo mbili. Nimeacha kolosho zangu zikaungua."

Nje, askari aliniambia bila kunitazama kwamba watuhumiwa wengi hubadilisha maneno. Nikamuuliza yeye aliandika *niliichoma*, bibi alisema hivyo? Akafikiri. Akasema bibi alisema *nimechoma*, yeye akaliweka sawa. Aliliweka sawa. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Silabi mbili tu alizichomeka pale katikati, na kwa hizo mbili korosho zikageuka nyumba. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, maana yeye ni kijana mwema na mimi nilikuwa na deni la aibu ambalo sikulijua bado.

Lakini alinijibu kitu cha kweli. "Sawa, afande. Basi niambie wewe, nani aliyewasha?"

Nilifunga daftari, nikaondoka. Mkubwa wangu alipiga simu Alhamisi akaniambia niandike kwamba chanzo hakikubainika, nirudi, kuna kazi nyingine Ruangwa inasubiri. Nikamwambia kikibaki hakikubainika, kwa hakimu litabaki dole gumba peke yake. Akasema hilo si langu. Nikamwambia ni langu. Akakata simu, na mimi nikaenda kujiombea ruhusa ya Jumamosi, siku ambayo tayari ilikuwa ya mapumziko, ili asipate la kunizuia.

Jumamosi nilipanda bodaboda kutoka Nachingwea. Sikuwa na wazo jipya, nilikuwa na ukaidi tu. Nilirudia kila kona ya stoo, nikachekecha tena majivu niliyokwisha kuyachekecha, jua likanichoma mgongo. Saa saba nikachoka, nikaenda kukaa kivulini kwenye ukuta wa shule ya msingi jirani, nikafungua maji yangu. Mwalimu mkuu alinikuta hapo. Naye mtu wa kuja, kutoka Mara, ana miaka mingi pale na bado analalamikia joto. Akaniuliza kama nimepata chochote. Nikamwambia sijapata.

"Pole. Na leo wanacheza tena," akasema kwa uchungu. "Sijui tutaangalizia wapi."

"Nani anacheza?"

"Timu ya Ruangwa. Si Jumamosi ile ndiyo tulikuwa pale barazani kwa jamaa tunaangalia? Dakika ya sabini na kitu, tumepata kona, mpira unapigwa, picha ikakata. Kwii! Tukapiga kelele, tukamwita mwenyewe. Anazunguka huku na huku na rimoti. Goli likafungwa, sisi hatukuona. Nililisikia redioni kwenye simu ya mtu. Nilikuwa bado nagomba ndipo nikasikia harufu ya moshi."

Maji yalinitoka puani. Kweli kabisa, nilikohoa mpaka mwalimu akanipiga mgongo.

"Mwalimu, mlikuwa mnaangalia televisheni?"

"Ndiyo."

"Na umeme hamna."

"Umeme hatuna, afande," akasema kwa upole, kama anavyomrudia mwanafunzi. "Ile ni sola."

Sijui nilivukaje uwanja wa shule. Nilipiga magoti kwenye ile kona, safari hii nikijua natafuta nini. Zile chenga za kioo nilizozipita: madirisha ya nyumba ile yalikuwa ya mbao, hayakuwa na kioo hata kimoja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyachora kwenye daftari. Kilikuwa kioo cha paneli iliyokuwa juu ya bati. Chini ya tabaka la salfa iliyoyeyuka ikaganda, nilibandua kwa mwiko kipande kwa kipande, nikapata sahani za madini ya risasi za betri kubwa, zimejikunja. Kutoka hapo waya mbili zilikuwa zimepita sakafuni, kwenye alama ya magunia. Hatua moja kutoka kwenye betri shaba yake ilikuwa imeyeyuka na kufanya vishanga, viwili, vidogo, vinang'aa. Na pale penye nafasi ya fyuzi hapakuwa na fyuzi. Mtu alikuwa amesokota nyuzi tatu za waya mtupu akaunganisha, ili isiwe inakata kata wakati wa mpira.

Nilimwita mwenye nyumba. Nikamwonyesha.

"Hii ulifunga wewe?"

"Fyuzi ilikuwa inaungua kila mara, afande. Fundi akasema tuweke hivyo."

"Nilikuuliza kama una umeme."

Alinitazama kwa mshangao wa mtu asiye na hatia. "Umeme sina. Hiyo sola."

Niliketi chini kwenye majivu. Sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nimeuliza watu watatu neno langu, wakanijibu kwa neno lao, na sote tulikuwa tunasema kweli. Vijana waliokuwa barazani waliulizwa kama walimwona bibi akiwasha moto, wakasema walimwona. Hakuna aliyewauliza kuhusu mpira. Nilikuwa nimemfokea yule askari kwa ajili ya silabi mbili, na mimi kwa neno moja nilikuwa karibu kumfunga bibi yule yule. Tena yeye alikosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa kupenda nilichokisikia.

Mwenye nyumba alikuwa bado amesimama na kile kipande cha waya. Taratibu nikaona kinamwingia.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia ni waya. Akasema waya hauwezi kwenda mahabusu. Akaenda kukaa chini ya mmoja wa ile mikorosho mitatu, na sikumfuata.

Taarifa niliiandika usiku huo na Jumapili nzima. Niliandika kona, alama, kufuli, betri, vishanga, kioo, ushahidi wa mwalimu kuhusu picha iliyokata kabla ya moshi, na viganja vya bibi na korosho zake za mkaa. Nilipofika mahali pa chanzo, mkono ulisita. Nikaandika kwa herufi zilizonyooka: hitilafu ya umeme. Yakanitazama pale kwenye karatasi, maneno yangu matatu.

Jumatatu alfajiri nilimkuta askari kituoni. Kabla hajasoma, nilimfungulia daftari langu pale nilipoandika *Umeme hakuna* na mstari chini. Nikamweleza. Alisoma, akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili. Akatoka kumtafuta sista mmoja wa hospitali ya misheni, mzaliwa wa pale pale, na maelezo ya bibi yakachukuliwa upya kwa Kimwera na kutafsiriwa neno kwa neno. Safari hii yalijaza kurasa tatu, na moja na nusu ilikuwa ya mikorosho. Shauri halikufika kwa hakimu. Bibi aliachiwa mchana, baada ya kulala ndani siku tisa. Mwenye nyumba ndiye aliyekuja kumchukua na pikipiki. Sikusikia waliambiana nini.

Mwezi wa kumi na moja nilipita tena kijiji kile nikitokea kwenye kazi nyingine. Nilimkuta bibi uani. Pamefagiwa vile vile. Mafiga yalikuwepo lakini hayakuwa na majivu, na lile debe la matundu lilikuwa limepinduliwa kando ya ukuta. Nilimsalimia, akaniitikia, akaniletea kigoda. Tuliongea habari za mvua. Mikorosho mitatu jirani yake amemwachia, alisema, na yeye amemruhusu apange tofali zake pale wakati anajenga.

Nilipoaga aliingia ndani akatoka na mfuko wa korosho. Nilishukuru kabla sijazitazama. Zilikuwa mbichi, na maganda yake.

"Hujazichoma, bibi?"

"Mimi sichomi tena," akasema. Hakuwa na hasira, wala hakutabasamu. Alinishikisha mfuko, akakunja mdomo wa mfuko juu ya vidole vyangu. "Chukua, mwanangu. Utachoma mwenyewe."